Kamera nne, diski ya kuokota
Jamani, huu mtindo wa kufunga kamera nne kwenye nyumba ya Lamu halafu kurekodia kwenye kompyuta kuukuu yenye diski ya GB 500 unaudhi! Hesabu yenyewe si ngumu. Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde hula GB 43 kwa siku. Nne ni kama GB 173. Siku ya tatu haijaisha, diski imejaa, picha za mwanzo zinafutwa. Mwizi wa Jumatatu ukimtafuta Ijumaa utaona punda tu wakipita kichochoroni.

Kuhifadhi picha za wiki tatu kwataka TB 4, tena diski iliyoundwa kurekodi kamera mfululizo, mfano WD Purple, si iliyong'olewa kwenye mashine ya saiba. H.265, mbinu mpya ya kubana video, hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu ya ile ya zamani, H.264, ila prosesa kongwe ikiambiwa ifungue picha hizo itambue mwendo, inakwama.

Na UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, je? Stima ikikatika ghafla, faili linaloandikwa huharibika. Halafu mtambo wawekwa dirishani, feni ivute upepo wa chumvi mpaka bodi iote kutu ya kijani!