Elfu Hamsini kwa Ofisi, Milioni Tano kwa Raia

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi wa soko letu hapa Nakuru saa tatu usiku: kesho alfajiri tingatinga linakuja. Mama ninayenunua kwake sukumawiki alikodi mkokoteni usiku ule ule, akapakia viazi na nyanya, akavipeleka kwa dadake mtaa wa Kaptembwo. Kulipokucha hakuna tingatinga lililoonekana. Kreti moja ya nyanya ilikuwa imepondeka njiani.

Zaidi ya mwezi mmoja kabla ya usiku huo, mimi na mama huyo tulikuwa tumepeleka barua katika ofisi moja ya umma. Swali lilikuwa moja: kuna mpango wa kubomoa vibanda, na kama upo, ni lini? Karani aliipiga muhuri, akatuuliza nani ametutuma. Jibu halikuja.

Sasa tazama sheria zilivyowapima hawa wawili, aliyetuma ujumbe na aliyeikalia barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyotungwa ili Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari, kifanye kazi, inaipa ofisi siku 21 kujibu, na saa 48 pale swali linapogusa uhai au uhuru wa mtu. Afisa asipojibu kwa wakati na akapatikana na hatia, faini haizidi shilingi 50,000. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao nayo, katika kifungu cha 23 kama kilivyopitishwa 2018, ilimkabili anayechapisha habari anayojua ni ya uongo, ikazua taharuki au ghasia, kwa faini ya hadi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Milioni 5 ni elfu 50 mara mia moja. Hesabu hii imenikaa kichwani. Tuseme mama wa sukumawiki anabaki na faida ya shilingi 500 kwa siku, na tuseme hali chakula wala halipi kodi ya nyumba. Elfu 50 ataimaliza kwa siku 100. Milioni 5 itamchukua siku 10,000, yaani zaidi ya miaka 27 bila kukosa sokoni hata Jumapili moja. Afisa aliyenyamaza hadi uvumi ukapata pa kuota, naye kwa kawaida ana mshahara mwisho wa mwezi, ndiye aliyepewa mzigo mwepesi.

Wanaoitetea sheria kali nawaelewa, na wengi wao ni majirani zangu, si wapambe wa serikali. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tuliishi hapa. Tuliona jumbe fupi za simu zikitangulia na moto ukifuata, na Tume ya Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Mtu aliyemzika ndugu yake mwaka ule ana haki ya kuogopa simu ya jirani uchaguzi unapokaribia, na wa Agosti 10, 2027 hauko mbali.

Lakini uchochezi wa kikabila una sheria yake tayari. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitungwa mwaka huo huo wa 2008 na inaadhibu matamshi ya chuki. Kifungu cha 23 kilikwenda mbali zaidi: kiligusa hata habari inayoelekea kumharibia mtu sifa. Hapo ndipo wakubwa walipopatia mlango. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa madai ya machapisho ya mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Hapa Nakuru nako, Machi 2024, Mahakama Kuu ilifuta kosa la kuhujumu serikali lililokuwa kwenye Kanuni ya Adhabu tangu enzi za mkoloni, katika kesi iliyotokana na mtu aliyeshtakiwa kwa aliyoyaandika mtandaoni.

Ofisi nazo zina shida zao. Faili bado ni za karatasi, wafanyakazi ni wachache, na mkubwa akiwa safarini hakuna anayethubutu kutia sahihi. Hayo nayakubali. Ila swali letu lingejibiwa kwa mstari mmoja, hata kwa kalamu: hakuna mpango. Mstari huo ungebandikwa kwenye nguzo ya soko, na ujumbe wa saa tatu usiku ungemkuta mama amelala.

Sheria ya 2016 inasema mkuu wa taasisi ya umma ndiye afisa wa kutoa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo. Inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aandikiwe na afisa mwenyewe. Basi jina la afisa huyo na libandikwe mlangoni katika kila ofisi, Nakuru hadi Kisumu, kabla kampeni hazijapamba moto. Sisi tumeandika barua ya pili, safari hii ya malalamiko, kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko ya walionyimwa habari. Tumeambatisha nakala ya ile ya kwanza, yenye muhuri na tarehe.