Amplifaya ya valvu inanguruma? Acheni kukata ethi

Hivi nani alianzisha huu mchezo wa kukata waya wa ethi ili amplifaya iache kunguruma? Hapa Moshi nimeukuta mpaka nimechoka. Ya mwisho ilikuwa amplifaya ya gitaa ya zamani, ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), mwenyewe yuko Majengo, nafungua plagi nakuta ule waya wa kijani na njano umekatwa, umekunjwa, umezungushiwa selotepu kabisa, na kelele iko palepale, mmmmmm.

Ndani ya hiyo mashine kuna DC ya volti 400 na kitu. Siku transfoma ikivujisha umeme kwenye bodi ya chuma na ethi haipo, mpiga gitaa ndo anageuka ethi, kashika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maiki. Kwangu hilo halina mjadala. Na kama ukikata ethi kelele inapungua kweli, basi ni ethi mbili zinazungukana kati ya amplifaya na mixa, chomeka vyote ekstensheni moja uone.

Mchezo wa pili ni kukimbilia valvu. Mtu anaagiza EL34 nje kwa bei ya kuumiza, anafunga, inanguruma vilevile. Sikatai, zile zinazofanya kazi kwa pea zikiwa hazilingani, mngurumo ambao zingeufuta zenyewe kwa zenyewe unabaki, ila sio pa kuanzia.

Anza na masikio, ni bure. Shusha volyumu mpaka sifuri. Kelele ikipotea tafuta kwenye kebo, jeki, valvu ya kwanza. Ikibaki, cheki pawa saplai. Halafu chukua gitaa iliyotyuniwa vizuri, piga uzi mnene kabisa freti ya tatu, ile G, ni kama hezi 98. Umeme wetu ni hezi 50, ukishapita kwenye rektifaya ya njia mbili (inayogeuza AC kuwa DC) unatoka na mawimbi ya hezi 100, kwa hiyo mngurumo ukikaribiana na hiyo G mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita za kuchuja, zile za kulainisha hayo mawimbi. Ukiwa chini yake oktavu nzima hiyo ni 50, angalia waya za filamenti (zinazopasha valvu moto) na ethi za ndani.

Kapasita hizo zina majimaji ndani, miaka 40 ikipita yamekauka, mawimbi yanapita tu. Weka mpya, volti zisiwe chini ya za mwanzo, hasi na chanya usizigeuze, na jamani usijaze maikrofaradi ukidhani ndo dawa, valvu ya rektifaya kama GZ34 mwisho wake ni maikrofaradi 60 kwenye kapasita ya kwanza, ukiibebesha 220 unaiua.

Kabla hujagusa kitu zima, chomoa, shusha chaji ya kapasita kwa rezista (ile ya kupiga bisibisi cheche itoke ni ujinga), kisha pima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri. Kuwasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya wati 100 ya zile za waya, LED haifai, ifungwe siriizi. Ikimulika kidogo ikafifia poa, ikibaki inawaka kwa nguvu kuna shoti, zima.

Na kapasita ukishaitoa itupe, usiirudishe kwenye kopo la spea, maana nawajua, mwezi ujao itafungwa kwenye amplifaya ya kwaya.