Vali ya Globu: Pale Inapofaa na Pale Inapokula Presha

Katika maduka ya vifaa vya mabomba ya Eneo la Viwanda, Nairobi, swali la kwanza analoulizwa mteja anayetaka vali ni saizi ya bomba lake. Ni swali halali, ila linatangulia mahali pasipo pake, kwa sababu kabla ya saizi yapasa kujulikana kama vali hiyo itatumika kufungua na kufunga tu, au itapunguza na kuongeza mtiririko kila siku.

Niliwahi kuitwa katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja mjini, ambako vali ya geti, ambayo huziba njia kwa bamba linaloteremshwa kama lango, ilikuwa imewekwa kwenye bomba la mvuke na kuachwa nusu wazi kutwa kucha ili kupunguza joto la mashine. Tulipoifungua, ukingo wa chini wa lango lake ulikuwa umeliwa vijia vyembamba mithili ya mikwaruzo ya kucha, na kiti chake, yaani sehemu ambayo lango hukaa linapofunga, kilikuwa na alama zizo hizo. Hata gurudumu lilipokazwa hadi mwisho, mvuke uliendelea kupita. Lango linaloning'inia katikati ya njia hutikiswa na kusagwa na mvuke unaopenya kwa kasi chini yake.

Vali ya globu haina udhaifu huo. Ndani yake mna ukuta wenye tundu, na kisahani hupanda au kushuka moja kwa moja juu ya tundu hilo, hivyo kila mzunguko wa gurudumu hubadilisha nafasi ya kupita kwa kiasi ambacho mkono unaweza kukikadiria. Kikichakaa, kisahani hubadilishwa na kiti husagwa upya, mara nyingi bila kuing'oa vali bombani.

Hata hivyo, wanaoipinga wana hoja nzito. Njia ya ndani hupinda mithili ya herufi S, na upinzani wake, vali ikiwa wazi kabisa, kwa kawaida hukadiriwa kuwa sawa na urefu wa bomba mara 340 ya kipenyo chake, ilhali wa geti ni takriban mara 8. Kwa bomba la milimita 50, globu moja ni kama kuongeza mita 17 za bomba, na geti ni sentimita 40 tu. Mwenye jengo la ghorofa anayepandisha maji kwa pampu hadi kwenye tangi la paani hulipia mita hizo katika bili ya umeme. Vali ya globu yenye umbo la Y hupunguza hasara hiyo hadi kiasi cha mara 55, ingawa bei yake huwa juu zaidi.

Upande wa kufyonza wa pampu, mimi siiweki globu kabisa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa inayoyasukuma maji kuingia kwenye pampu imepungua kwa kiasi kinacholingana na karibu mita 2 za maji. Kuongeza kizuizi hapo ni kualika mapovu ya mvuke yanayopasuka na kudonoa chuma cha pampu.

Kosa jingine, ambalo naliona hata kwa mafundi wazuri, ni kuchagua globu kubwa kupita mahitaji kwa kuogopa hasara hiyo ya presha. Vali kubwa mno hulazimika kufanya kazi kisahani kikiwa kimekaribia kiti, udhibiti wote ukiwa ndani ya mzunguko wa kwanza, na hapo nayo huliwa kama geti. Saizi itokane na kiasi cha mtiririko na tofauti ya presha, hata ikibidi vali iwe ndogo kuliko bomba.

Pale hotelini tuliweka vali mbili: geti ya kukata mvuke wakati wa matengenezo, na baada yake globu iliyo ndogo kwa saizi moja kuliko bomba, yenye kiti cha chuma kwa sababu ya joto la mvuke, mshale wa ubavuni unaoonyesha mwelekeo wa mtiririko ukielekea kwenye mashine.