Kama Mmarekani hamjui, basi hayupo?

Juzi nilitupia kwenye grupu la familia kipande cha shoo ya mwisho ya The Tragically Hip (au Hip tu), bendi ya rock ya Kanada, ile ya Kingston, Ontario, 20 Agosti 2016. Gord Downie, mwimbaji wao, kavaa suti inayong'aa na kofia yenye manyoya, ana kansa ya ubongo na alishaambiwa haiponi, na bado jamaa anaimba kwa nguvu zake zote. Shemeji yangu wa Ohio akajibu: "Ndo kina nani hao? Kama wakali hivyo mbona huku hatuwajui?"

Huku hatuwajui. Basi, kesi imeisha, tukalale.

Usiku ule CBC, shirika la utangazaji la taifa la Kanada, ilirusha shoo nzima laivu bila tangazo hata moja, watu karibu milioni 12 wakaangalia kwenye nchi yenye watu kama milioni 36, yaani theluthi ya taifa ukihesabu na vichanga, Trudeau mwenyewe, waziri mkuu wa wakati ule, yuko ukumbini na waliokosa tiketi wamejaa uwanja wa soko katikati ya mji wanaangalia kwenye skrini. Marekani ili upate theluthi ya watu wanaangalia kitu kimoja unahitaji Super Bowl, fainali yao ya mpira wa Kimarekani. Na Super Bowl ya 2021 nani aliimba wakati wa mapumziko? The Weeknd, mtoto wa Scarborough, Toronto, wazazi wake Wahabeshi, huyo hata ni jirani yetu kabisa. Ila muulize shemeji, atakwambia Mmarekani mwenzake.

Hapo ndo penye hoja yangu. Mmarekani hana shida na mwanamuziki wa Kanada, anao kibao, Neil Young, Joni Mitchell, Celine Dion, Bieber. Anachokigomea ni Kanada yenyewe kuingia ndani ya wimbo. Imba mapenzi, imba kuachwa, imba safari, utapokelewa na hamna atakayekuuliza kwenu wapi. Anza kuimba ya kwenu uone.

Chukua ule wimbo wa Hip unaomtaja Bill Barilko. Barilko alikuwa beki wa Toronto Maple Leafs, timu ya hoki ya barafu, Aprili 1951 akafunga goli la ubingwa dhidi ya Montreal kwenye muda wa nyongeza. Agosti mwaka huohuo akapanda ndege ndogo ya rafiki yake, daktari wa meno, wakaenda kuvua samaki huko kaskazini na hawakurudi. Wakatafutwa weee, wapi. Leafs nao wakakaukiwa, hakuna kombe miaka yote hiyo mpaka 1962, na 1962 hiyohiyo ndo mabaki ya Barilko yakapatikana msituni. Downie anaimba stori hiyo kama alivyoisoma kwenye kadi ya wachezaji, zile wanazokusanya watoto, haelezi Leafs ni nani wala kombe ni kombe gani, anajua anaongea na watu wa nyumbani. Mtu wa Ontario hapo nywele zinamsimama. Mtu wa Ohio anasikia gitaa na jina la marehemu asiyemjua, anahamisha stesheni. Sina ugomvi naye, ahamishe tu, ila asije kunigeuzia hiyo kuwa ushahidi kwamba jamaa hawakuwa wakali!

Halafu sikia hii. Barilko ni mtu wa Timmins, mji wa migodi huko juu, na Timmins hiyohiyo ndiko alikokulia Shania Twain. Albamu yake ya 1997 imethibitishwa nakala milioni 20 Marekani peke yake, itafute Timmins humo ndani, huioni. Simlaumu, riziki ni riziki. Prodyuza wake Mutt Lange, ambaye pia alikuwa mumewe, kazaliwa Zambia, na kabla ya hapo ndo huyohuyo aliyetunga nyimbo na Bryan Adams mpaka 1991 redio za Kanada zikaambiwa nyimbo zile hazihesabiki kuwa za Kikanada, kwa sababu kuna sheria ya tangu 1971 inayotaka redio zipige asilimia 30 ya nyimbo za nyumbani (siku hizi 35) na pointi za nani katunga, nani kaimba, wapi imerekodiwa. Adams, kazaliwa Kingston, mji uleule wa Hip, akafeli mtihani wa Ukanada! Sheria ilibidi ije irekebishwe.

Najua wabishi watasema Hip walibebwa na sheria hiyo. Sawa, iliwafungulia mlango, na imetulazimisha kusikiliza takataka nyingi pia, mimi nazisikia kila asubuhi kwenye gari. Ila hamna sheria inayoweza kukalisha watu milioni 12 mbele ya TV Jumamosi usiku.

Drake ananiharibia hoja, nakubali kwa shingo upande, maana Toronto kaitaja mpaka imekuwa chapa. Lakini hip hop ina desturi ya kujisifia mtaa, msikilizaji wa Atlanta kashazoea kutajiwa vichochoro asivyovijua. Na ndiyo, Buffalo na Detroit, miji ya Marekani ya mpakani, waliwajua Hip vizuri tu, mawimbi ya redio yanavuka mto bila kuulizwa pasipoti. 1995 walipanda hadi Saturday Night Live, shoo kubwa ya vichekesho ya TV ya Marekani, mchekeshaji Dan Aykroyd ndo aliyewatambulisha, Marekani nzima ikawaona, kesho yake ikaendelea na shughuli zake.

Bendi zenyewe ndo zinaulizwa pasipoti. Bendi ya Kanada ikitaka kupiga shoo kule lazima iombe kibali mapema na ilipie, ada zikapandishwa tena 2024, wakati ya Marekani ikija huku Kanada kwa shoo za siku chache mara nyingi haihitaji kibali cha kazi. Halafu tunashangaa nani anajulikana wapi.

Ninayempenda kuliko wote kwenye ugomvi huu ni Stompin' Tom Connors, mzee aliyeimba viazi vya kwao na vijiji vya kwao. 1978 alichukua tuzo zake sita za Juno, tuzo za muziki za Kanada, akazirudisha zote, kachoka kuona zinapewa watu waliohamia Marekani. Sita! Mimi ningerudisha tano.