Vita vya Kagera: kila upande na tarehe zake

Vita vya Kagera, vilivyopiganwa kati ya Tanzania na Uganda kuanzia Oktoba 1978 hadi Juni 1979, vina jambo ambalo si la kawaida katika historia ya vita: raia wengi wa nchi iliyoshindwa walijitokeza barabarani kuwashangilia walioishinda. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoiteka Kampala Aprili 1979, likiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuwa amekwisha kukimbia na watu walisherehekea. Ni rahisi basi kudhani kwamba hapa mshindi na mshindwa wanakumbuka jambo lile lile. Tofauti ipo, na ni kubwa, ila haifuati mpaka wa nchi hizo mbili pale Mutukula. Inatokana zaidi na mahali ambapo kila kundi linaanzia kusimulia na mahali linapokomea.

Simulizi ya Tanzania huanza mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaua raia, yakapora mifugo ya Missenyi, mkoani Kagera, na kulivunja daraja la Kyaka, huku Kampala ikitangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa na kusema kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin vyote vipo. Baada ya hapo masimulizi hukimbilia Kampala, na kuishia kwenye makaburi ya mashujaa huko Kaboya, wilayani Muleba. Kiini cha simulizi hii ni kweli tupu, na sioni namna ya kukipinga, maana aliyetangaza kuitwaa ardhi ya jirani alifanya hivyo hadharani.

Waliomtetea Amin huanzia mbali zaidi. Wanakumbusha kwamba Nyerere alikataa kuitambua serikali ya Amin tangu mapinduzi ya Januari 1971, akampa hifadhi Milton Obote, rais aliyepinduliwa, na kwamba Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliishambulia Uganda wakitokea Tanzania. Yote hayo yalitokea. Hata hivyo, mgogoro wa 1972 ulifungwa kwa makubaliano ya Mogadishu mwezi uliofuata, na uadui wa zamani hauwi hati ya kumiliki Kagera miaka sita baadaye. Kwa kipimo changu, hoja hii inaeleza chuki iliyokuwepo, lakini haihalalishi uvamizi.

Hoja nzito ya upande ule haihusu nani alianza, bali yaliyofuata baada ya Watanzania kuvuka mpaka. Mwishoni mwa Februari 1979 miji ya Masaka na Mbarara ilitekwa, na majengo mengi yakabomolewa kwa kulipiza yaliyofanywa Kagera. Katika masimulizi yetu miji hiyo ni vituo vya njiani kuelekea ushindi, kwa kawaida sentensi moja tu. Kwa mwenye duka wa Masaka, ambaye huenda naye alimchukia Amin na kufurahi alipoondoka, ndiyo vita yenyewe. Kwa hili anakaribiana zaidi na mkulima wa Missenyi aliyerudi nyumbani akakuta ng'ombe hawapo kuliko anavyokaribiana na viongozi wa nchi yake.

Kaskazini magharibi, katika West Nile alikotoka Amin, hesabu huanza pale ambapo yetu inakoma. Oktoba 1980 mabaki ya jeshi la Amin yalishambulia eneo hilo yakitokea ng'ambo ya mpaka, na jeshi jipya la Uganda likajibu kwa kuwaadhibu wakazi bila kuchagua, hata maelfu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi hilo waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Mtanzania atajibu, na ana haki ya kujibu, kwamba waliofanya unyama huo hawakuwa askari wake. Lakini jeshi lililoua lilizaliwa na ushindi wa 1979, na historia inayofunga kitabu siku Kampala ilipotekwa haiwezi kueleza kwa nini mtu wa Arua haioni siku hiyo kuwa ya ukombozi.

Buganda nako kuna kinyongo cha aina nyingine. Yusuf Lule, aliyeteuliwa kuwa rais baada ya mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni uliofanyika Moshi Machi 1979, alidumu madarakani siku 68 tu. Obote akarudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980 uliolalamikiwa sana, na wengi walimnyooshea Nyerere kidole. Kisha vita vya Luweero, vya msituni dhidi ya serikali ya Obote, vikaifunika kumbukumbu ya 1979. Leo siku kuu ya ukombozi nchini Uganda ni Januari 26, siku Yoweri Museveni alipotwaa madaraka mwaka 1986, ingawa yeye mwenyewe alipigana katika vita dhidi ya Amin na serikali yake ilimtunuku marehemu Nyerere nishani ya kijeshi ya Katonga mwaka 2007.

Hata ndani ya Tanzania ushindi haukuacha kumbukumbu moja. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, lakini uhaba wa bidhaa ukaendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Serikali ilitaja gharama za vita na bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1979. Wakosoaji walitaja sera za kilimo na mashirika ya umma yaliyokuwa yakiyumba hata kabla ya Amin kuvuka mpaka. Naona wakosoaji wana hoja nzito zaidi kuhusu chanzo, na serikali kuhusu ukali wa hali yenyewe, kwa sababu uchumi uliokwisha kulegea ndio uliotakiwa kulipia vita.