Watu wa reli na faili la mwajiri

Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 wakabaki huku. Namba hizo tunazo kwa kuwa mwajiri alihesabu. Jinsi waliobaki walivyooana, walivyokopeshana na walivyozikana, hayo hakuyahesabu.

Ndipo ubishi kuhusu wasifu wa pamoja unapoanzia. Njia hii ya kuchunguza historia hukusanya taarifa zilezile za watu wengi, kama elimu, cheo, ndoa na makazi, kisha huwasoma wote kwa mkupuo. Wanaoitetea wana hoja nzito. Karani huenda aliacha barua. Mchochea makaa na mfagia mabehewa ni nadra kuacha. Wapange mamia yao, utaona nani alipanda na nani alikwama, na jinsi vyeo vya enzi za ukoloni vilivyofuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Simulizi la mtu mmoja haliwezi kubeba ushahidi huo.

Ila hebu jaribu kuifanya kazi yenyewe. Daftari la mishahara lina akina Otieno watano, na jina hilo la Kijaluo hukuambia tu kwamba mtu kazaliwa usiku. Mmoja akibatizwa akaitwa Petro, sasa wako wangapi? Ukikosea hapo, jedwali lako zuri linahesabu mizimu. Tena faili lina faini ya kuchelewa, halina sababu: pengine alikesha matangani kwa jirani yake, pale kwenye nyumba za reli Muthurwa, Nairobi. Mke aliyerudi shamba msimu wa kupanda hayumo kabisa.

Mimi naikubali njia hii kwa sharti moja: mtafiti aanzie majumbani, aulize nani aliishi chumba kimoja na nani, nani alichanga maiti isafirishwe Nyanza, ndipo afungue faili.

Lakini wanaolidharau faili nao wamezidisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na shirika lake la reli likagawanyika. Miaka ya 2000 wastaafu wa Jumuiya hiyo walikuwa bado wanadai mafao yao Dar es Salaam. Kwa mzee wa namna hiyo, mwaka wa kuajiriwa ukikosewa ni pesa imepotea. Na mjane wa mtu wa reli akienda kudai, anakutana na swali lilelile linalomsumbua mtafiti: jina lake limeandikwa wapi?