Ardhi Iko Mbali

Leo asubuhi nimeamkiwa shikamoo nikiwa chini ya pikipiki.

Sisemi chini kama fundi anavyolala chini ya chombo, spana mkononi, anajua anachokitafuta. Nasema chini: mgongo kwenye zege la sheli, tangi pajani, kofia ngumu imezunguka imeniziba jicho moja, na dizeli aliyomwaga mteja wa kabla yangu inapanda taratibu kwenye soksi. Ndipo ikaja sauti ya adabu kutoka juu: "Shikamoo, mwalimu." Kidato cha tatu B, yule wa dirishani. Juzi tu nilimsimamisha kipindi kizima kwa kushindwa kutofautisha tungamo na uzito. Sasa tofauti alikuwa anaiona kwa macho.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujafika shule?"

Ningefanyaje? Kabla mtoto hajajibu, dada wa pampu akainama na bomba lake mkononi, usoni hana hata chembe ya mzaha: "Baba, ya shilingi ngapi?"

Nikamwambia ya elfu kumi. Nikiwa pale pale.

Wakaja bodaboda wawili wakainua. Wakainua pikipiki kwanza, wakaiweka stendi, wakaifuta kioo, wakaikagua kama taa imepona. Halafu mmoja akanikumbuka.

Nataka ieleweke kwamba sikuwa naendesha. Sijawahi kuanguka nikiwa naendesha. Kwenye mwendo mimi ni mrefu kama mtu yeyote, nakata upepo, nawapita wenye miguu yao. Balaa langu linaanza pale chombo kinaposimama na mguu wa kushoto unapokwenda kutafuta nchi. Kwenye ile sheli zege lina kijishimo cha kupitishia maji, hakizidi kina cha sahani ya wali. Mwenzangu angekikanyaga asijue kama kipo. Mimi nimeshusha mguu, nimekuta hewa, nimeongeza kidole gumba, hewa, na hapo chombo kikaanza kuinama. Nafundisha Fizikia. Kilo 130 zikishaegemea kiasi fulani hakuna mjadala tena, kazi yako ni kuzisindikiza tu taratibu, kama mgeni unayemtoa mpaka barabarani.

Hii pikipiki niliinunua mnadani mradi ulipokwisha. Mnazijua pikipiki za mradi. Zinakuja na Mzungu, Mzungu anaondoka, kinachobaki kijijini ni bango la chuma na pikipiki. Yule wa kwangu lazima alikuwa wa futi sita na ushee, maana Jumamosi moja nilimwazima fundi cherehani futi yake nikapima. Siti mpaka chini: sentimita 87. Mguu wangu, kutoka msambani mpaka kisiginoni: 71. Fundi akarudia mara ya pili kwa kutoamini, akanyamaza, akaandika kwenye daftari lake la wateja kana kwamba ananishonea kaptura. Na mtu wa kilo 90 akikaa, angalau shokapu zinazama na siti inashuka naye. Mimi kilo 58 nikikaa, shokapu hazina habari kama kuna mtu.

Ushauri nimepewa mwingi. Fundi wa kwanza aliniambia tuchonge sponji ya siti, tukachonga, nikashuka sentimita nne, na kwa wiki mbili nikafundisha nimesimama, hata mkuu wa shule akanisifu kwa bidii. Fundi wa pili akashusha shokapu ya nyuma lakini stendi ya pembeni akaiacha na urefu wake ule ule, kwa hiyo chombo kikisimama kilikuwa wima kama askari wa gwaride. Nikakiegesha nje ya kanisa, upepo ukapita, kikalala upande wa pili juu ya baiskeli ya mzee wa kanisa. Tukarudisha. Mama Neema anasema niuze ninunue Boxer kama watu. Mwalimu mgeni wa Michezo, kijana, akanionyesha kwenye simu picha ya yule Mhispania, Dani Pedrosa, urefu wake kama sentimita 160 na ameshinda mbio kubwa za dunia na pikipiki ya cc 1000. Nikamwambia kijana, tazama vizuri, akiingia gereji kuna watu wameshamngojea wanamdakia chombo. Nipe na mimi watu wawili pale soko la Chifu Kingalu, uone.

Kwa hiyo mimi Morogoro naijua kwa mawe. Nyinyi mnaijua kwa maduka na baa. Mimi ukiniambia tukutane Kihonda nauliza, upande gani, maana upande wa kwenda mjini kuna kingo ya barabara ya kuweka mguu na upande wa pili hakuna kitu. Mafiga kuna gogo. Bigwa kuna tofali mbili mtu aliziacha tangu mwaka juzi, Mungu ambariki, asirudi kuzichukua. Ninakonunua dawa kuna ngazi, ninakopata dawa nafuu hakuna ngazi, nanunua ghali. Sheli ya leo nilikwenda kwa kukimbia foleni ya sheli yangu, maana ilikuwa Jumanne na EWURA, mamlaka ya bei za mafuta, wanatangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji mzima ukataka kujaza kabla ya alfajiri ya Jumatano. Sheli yangu ya siku zote ina jiwe.

Lakini hayo ya sheli ni madogo. Nilikuwa nimeapa kutosimulia ya Mikumi, ila leo nimeshadhalilika, acha yatoke yote.

Mwaka jana mwezi wa saba tulikwenda Mikumi kwa msafara. Pikipiki 23, mchango elfu hamsini kwa kichwa: fulana, pilau, na kitu kimeandikwa "udugu", ambacho sikuuliza maana yake na nilipaswa kuuliza. Fulana zilikuja saizi moja, XL. Yangu ilifika magotini. Nikaichomeka yote ndani ya suruali nikaonekana nimevaa nepi. Saa 1 asubuhi Msamvu, Kamanda wa msafara akatupanga zigizaga, mmoja kushoto mmoja kulia, sekunde mbili katikati. Mkono wa kushoto ukipanda juu, tunasimama. Hakuna kushuka ndani ya hifadhi. Hakuna kuacha mtu.

Mimi nikapewa namba 22, kushoto. Wa mwisho kabisa, kulia kwangu, akawekwa mtu tunamwita Kontena, na jina halijamwonea. Ana dude la Kijerumani la cc 1200, zaidi ya kilo 240, analigeuza kama baiskeli ya mikate. Na siti ya lile dude, nilishawahi kuipima kwa siri, sentimita 85. Chini kuliko yangu! Huwa nalifikiria hili usiku.

Melela tukapita, Doma tukapita, tukaingia hifadhini. Barabara ni ile ile ya kwenda Zambia, malori, mabasi, matuta, rasta, na bango la faini za kugonga wanyama, kwa dola, utafikiri menyu ya hoteli. Nyani wamekaa pembeni wanatutazama kama wazee wa baraza. Mimi roho kwatu. Mara mbele mikono ikaanza kupanda mmoja mmoja kama darasa lenye akili. Tembo wanavuka.

Sasa sikilizeni. Barabara zetu zina mgongo. Katikati juu, pembeni chini, ili maji yapite. Ukisimama kushoto lami inakushukia kushoto, na mguu wangu wa kutua ni wa kushoto, maana wa kulia uko kwenye breki. Ardhi, ambayo siku za kawaida iko mbali, siku ile ilikuwa imehamia Dodoma kama wizara. Nikaona kabisa naelekea kulala, na mbele yangu kuna tembo tisa. Nikayatupa makalio kulia, nikaachia breki ya mguu, nikabana ya mkono, na mguu wa kulia ukatua kwenye chuma cha kwanza ulichokikuta. Injini gadi ya Kontena.

"Kontena, ndugu yangu," nikanong'ona, "naomba nikukanyage kidogo."

"Kanyaga, mwalimu."

Injini zote zikazimwa. Kimya. Unasikia tembo anavyovunja tawi na unasikia goti langu linavyotetemeka kwenye chuma cha mwenzangu. Tembo hana haraka. Amepita mmoja, amesimama, amewaza. Kitoto kikarudi katikati ya lami kufuata kitu nisichokiona. Dakika ya tano hivi, Kontena akanong'ona bila kunitazama:

"Mwalimu. Hivi wewe si mwanachama pale saccos?"

"Ndiyo."

"Kuna mkopo nataka kuchukua. Milioni tatu. Wanataka mdhamini."

Nikamtazama. Yeye anatazama tembo. Mguu wangu uko kwenye chuma chake, na akisogeza lile dude hata kwa upana wa kiganja, mimi ni wa hifadhi.

"Miezi 18 tu," akasema. "Biashara ya mbao."

Msiniulize kwa nini nilikubali. Kaeni nyinyi pale. Nilikubali, nikamshukuru hata, nikamwambia ni heshima kwangu. Na tembo wa mwisho alipofika majanini, Kamanda akapunga mkono, injini zikawaka kwa pamoja, na Kontena, mdeni wangu mpya, akaondoka na injini gadi yake bila hata kusema kwaheri.

Nilianguka kulia. Angalau kule lami iko karibu. Tatizo, usukani ulijikunja ukabana kitufe cha honi kwenye goti langu, na honi ya mradi si honi ya mchezo, iliwekwa kwa ajili ya kufukuza ng'ombe. Ikalia. Nikasukuma, ikalia. Nikajaribu kuuchomoa mguu, ikalia zaidi. Tembo wa mwisho akasimama. Akageuka mzima mzima. Akayafungua masikio, na mimi nimelala nikayaona masikio hayo kwa chini, upande ambao watalii huwa hawapewi. Nikatazama mbele kuutafuta udugu wangu wa elfu hamsini. Vumbi.

Lililoniokoa ni lori la Tunduma. Likaja polepole, likasimama katikati yetu, ukuta wa matairi kati yangu na yule mheshimiwa. Dereva akachungulia dirishani, akaniona na ile fulana, akasema na utingo wake: "Hebu shuka, kuna mtoto wameacha hapa." Utingo akashuka, akakizima chombo honi ikanyamaza, akageuka akakipa mgongo chombo, makalio kwenye siti, akachuchumaa, akasukuma kwa miguu akienda kinyumenyume, chombo kikasimama. Peke yake! Ndivyo inavyoinuliwa, kwa mapaja, si kwa mgongo, nami nimeisoma hiyo na kuifundisha kwa mchoro. Halafu akaniambia, "Panda nikushike, bro." Akanisukuma kama unavyomsukuma mtoto anayejifunza baiskeli, na akakimbia kidogo pembeni yangu.

Mikumi nikawakuta kwenye pilau, Kamanda amesimama anatoa risala juu ya usalama barabarani. Wakanipigia makofi.

Kontena alilipa miezi minne. Mwezi wa tano nikaletewa barua. Sasa hivi ni miezi mitatu mfululizo nachukua karatasi ya mshahara naangalia ule mstari wa makato, laki moja na themanini na sita, mbao ambazo sijawahi kuziona hata vumbi lake, nyumba yangu mwenyewe ina dirisha la turubai, mtoto anadaiwa michango, na mimi natia petroli ya elfu kumi kumi kama muuza mihogo. Simu hapokei. Ukimpigia kwa namba ngeni anapokea, ukisema tu "Kontena" anasema huyo ndugu yake, amesafiri.

Basi mchana wa leo, kwa hasira za asubuhi, nikapitia kwa fundi viatu nikamwambia aniongezee soli. Elfu kumi na tano, soli ya tairi la gari, vidole vitatu. Nikajaribu pale pale kwake, mguu ukagusa chini nusu nzima, karibu nilie. Nimeondoka. Kuingiza gia ya pili, kiatu hakipiti chini ya pedali ya gia. Kimenenepa. Nikageuza mguu, haupiti. Nikaja mjini na gia ya kwanza, injini inalia kama mashine ya kusaga, mwenye baiskeli ya mkaa magunia mawili ananipigia kengele nimpishe.

Nafika Msamvu, nani amesimama pembeni ya kipilefti anakula muwa? Kontena. Na amesimama wapi? Pale kwenye mteremko, upande usio na kingo, usio na jiwe, usio na hata tofali. Mji mzima huu, na yeye kachagua pale. Amenisikia ninavyokuja, na nani asingenisikia, akanyanyua mkono wa muwa: "Ticha! Simama basi tusalimiane!"

Nikamzunguka. "Kontena! Ile hela ya watu!" nikapita. Nikazunguka tena, taratibu, gia ya kwanza, mabasi yananipigia honi. "Mwisho wa mwezi, ticha!" akajibu nilipofika usawa wake. Mzunguko wa tatu: "Mwezi gani?" Nikapita, nikazunguka, nimetega sikio. Mzunguko wa nne nilikuta maganda ya muwa.